Ushindi 14, nafasi ya tano

Msimu wa 2024 Minnesota Vikings, timu ya mpira wa Kimarekani, walicheza mechi 17 wakashinda 14. Kwa hesabu ya mtu wa kawaida, timu ya namna hiyo ikifika hatua ya mtoano inakaa nyumbani kusubiri wageni. Vikings hawakusubiri mtu. Walipewa nafasi ya tano upande wa NFC, moja ya pande mbili za ligi, wakaambiwa wafunge mizigo wakacheze na Los Angeles Rams, timu iliyoshinda 10 na kupoteza 7. Januari 13, 2025 wakapigwa 27 kwa 9 na msimu ukaishia hapo.

Tangu hapo, kila tunapokutana Waswahili wa huku Marekani tunaoufuatilia mpira wa Kimarekani, mazungumzo yanaanzia kwa refa. Refa hakuona. Refa aliona akanyamaza. Refa ana timu yake. Mtu aliyekulia kwenye ubishi wa Simba na Yanga hahitaji semina ya kumlaumu refa, kwa hiyo somo hili tulilishika upesi kuliko sheria zenyewe. Mimi limenichosha. Marefa wa NFL, ligi yenyewe, wanakosea, na makosa yao nitayataja hapa bila kuwaonea haya. Lakini nikishika kalamu nikapiga hesabu za msimu ule, namwona mwingine aliyetuumiza zaidi, naye hana kipyenga wala kile kitambaa cha njano ambacho refa hukirusha akiona kosa. Ni jedwali la divisheni.

Kwa asiyejua mpangilio, nitauelezea haraka. NFL ina timu 32, nusu AFC na nusu NFC, na tangu 2002 kila upande una divisheni nne za timu nne nne. Kila timu inacheza mara mbili na kila mwenzake wa divisheni, yaani mechi 6 kati ya 17. Anayeongoza divisheni anaingia mtoano moja kwa moja na kupewa moja ya nafasi nne za juu, hata kama rekodi yake inatia aibu. Baada ya hao, kila upande unachukua timu tatu zenye rekodi nzuri kuliko zote zilizobaki, na hizo zinaanzia nafasi ya tano kushuka chini. Aliye juu kabisa anapumzika wiki ya kwanza. Wa pili, wa tatu na wa nne wanacheza nyumbani. Wa tano anapanda ndege.

Vikings wako NFC North, pamoja na Detroit Lions, Green Bay Packers na Chicago Bears. Mwaka ule Lions walishinda 15. Basi. Ukishinda 14 na jirani yako akashinda 15, wewe ni msafiri. Ni sawa na mtoto aliyeshika nafasi ya pili shule ya vipaji maalumu kuambiwa akafanyie mtihani kwenye shule ya kata, kwa ratiba ya kule, kwa sababu wa kwanza wa kule ni wa kwanza.

Tuanze na kosa la refa linalotajwa zaidi huku kwetu Minnesota, maana nalikumbuka vizuri. Ilikuwa usiku wa Alhamisi, Oktoba 24, 2024, nami nilikuwa zamu ya usiku ghalani. Wakati wa mapumziko tukaiegemeza simu kwenye chupa ya maji, vichwa vikaiinamia. Vikings walikuwa Los Angeles, nyuma 28 kwa 20, imebaki kama dakika moja na nusu, na mpira uko kwenye yadi yao ya 5, karibu kabisa na mstari wao wa nyuma. Kwotabeki wao, yaani mrushaji wa mpira, Sam Darnold, akarudi ndani ya eneo lake kutafuta mtu wa kumrushia. Byron Young wa Rams akamfikia, mkono ukanasa kwenye vyuma vya mbele ya helmeti, akamvuta kwavyo. Kichwa cha Darnold kikazunguka upande wake na mwili ukafuata baadaye, puu, chini. Kuangushwa ndani ya eneo lako mwenyewe ni pointi 2 kwa mpinzani, na mpira unarudishwa kwake. 30 kwa 20. Hakuna kitambaa kilichorushwa.

Kushika vyuma vya usoni ni adhabu ya yadi 15, na si kosa la kubishaniwa kama mengine. Pale ghalani hata Mhispania mmoja asiyejali mpira huu kabisa alishika mashavu yake. Baada ya mechi, refa mkuu Tra Blake alimweleza mwandishi kwamba Darnold alikuwa ametazama upande wa pili kutoka pale alipokuwa yeye, na mwenzake mmoja alizibwa na wachezaji. Marudio ya video yalikuwepo, dunia nzima ikayaona, lakini kanuni za mwaka ule hazikuruhusu video kuongeza kosa la aina ile. Mwaka uliofuata NFL ilipanua kidogo msaada wa video kwenye makosa ya vyuma vya usoni, ila kwa upande mmoja tu: video inaweza kufuta kitambaa kilichorushwa kimakosa. Kitambaa ambacho hakikurushwa, hata kwa kanuni hiyo mpya isingekirusha. Darnold angeanguka vilevile.

Sasa hesabu. Tuseme Blake ameona. Vikings wanasogezwa hadi yadi yao ya 20, bado wana yadi 80 mbele, wanahitaji kufunga tachidauni, yaani pointi 6 za kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, na kuongeza pointi 2 ili tu wasawazishe. Sikatai kwamba inawezekana, lakini si mkate uliokwisha kuiva. Hata hivyo, wacha tuwe wakarimu: tuwape ushindi mzima. Rekodi inakuwa 15 kwa 2, yaani ushindi 15, vipigo 2. Lions nao walikuwa 15 kwa 2, na Lions waliifunga Vikings mara zote mbili, 31 kwa 29 hapa Minneapolis na 31 kwa 9 kule Detroit siku ya mwisho. Timu mbili zikilingana ndani ya divisheni, kinachoangaliwa kwanza ni walipokutana wenyewe kwa wenyewe. Lions wa kwanza. Vikings, wenye ushindi 15, wa tano.

Hapo ndipo huwa nawaomba wenzangu wanyamaze kidogo. Kosa baya kuliko yote ya msimu, kosa lililoonekana na kila mwenye macho isipokuwa watu saba waliolipwa kuliona, ukilisahihisha na kulizawadia ushindi juu yake, halitusogezi hata nafasi moja.

Ila liko jambo moja ambalo lingebadilika, na ni tamu kiasi kwamba nililirudia mara kadhaa kwenye karatasi kabla sijaamini. Rams na Seattle Seahawks walimaliza NFC West wakiwa sawa, 10 kwa 7. Kila mmoja alimfunga mwenzake mara moja. Wakapitishwa kigezo baada ya kigezo mpaka wakafika kwenye kile cha nguvu ya ushindi: unachukua timu zote ulizozifunga, unajumlisha rekodi zao, na aliyewafunga watu wazito zaidi ndiye anayepita. Nani mzito kuliko wote kwenye kapu la Rams? Vikings, wenye ushindi 14. Seattle hawakuwa nao, kwa sababu Vikings waliwafunga 27 kwa 24 mwezi Desemba. Kwa maneno mengine, ubora wetu wenyewe uliwasaidia Rams kuchukua divisheni, na divisheni ndiyo iliyowapa haki ya kutukaribisha. Kama Oktoba ile tungeshinda na mengine yote yakabaki yalivyo, Rams wangeishia 9 kwa 8, bingwa angekuwa Seattle, na sisi tungekwenda Seattle. Refa alitubadilishia mji wa kufia, pengine. Safari yenyewe hakuiandika yeye.

Na hata mji wenyewe ukabadilishwa na moto. Wiki ile ya mtoano Los Angeles ilikuwa inaungua, mechi ikahamishiwa Glendale, Arizona. Darnold akaangushwa mara tisa. Jared Verse akaokota mpira uliodondoka akakimbia nao yadi 57 hadi mwisho. Hapakuwa na kitambaa cha kulilia, jambo ambalo kwa shabiki ni adhabu ya ziada: kupigwa bila kisingizio.

Shemeji yangu, mtu wa Nakuru anayeishi Wisconsin na kushabikia Packers kama dini, hakubaliani na hesabu zangu. Yeye ana ushahidi wake, na ni ushahidi mzito. Septemba 24, 2012, NFL ilikuwa imewafungia nje marefa wake kwa mgogoro wa mkataba na kuleta wa kuazima. Packers walikuwa Seattle wakiongoza 12 kwa 7, mpira wa mwisho kabisa ukarushwa juu kwenye rundo la watu. M.D. Jennings wa Packers akaudaka na kuukumbatia kifuani. Golden Tate wa Seahawks, aliyekuwa amemsukuma mtu sekunde chache kabla, akapenyeza mikono. Marefa wawili wakasimama juu ya lile rundo wakitazamana, kisha mmoja akanyanyua mikono yote miwili kuashiria tachidauni, na mwingine, hatua moja pembeni, akapunga mikono juu ya kichwa kusimamisha saa. Picha ile ya watu wawili wenye jezi ya milia, kila mmoja akitoa hukumu yake, shemeji anayo kwenye simu mpaka leo. Seattle 14, Packers 12. Siku mbili baadaye NFL na marefa wake halisi wakaafikiana. Ghafla pesa zilipatikana.

Shemeji anasema: Packers walimaliza 11 kwa 5. Wangekuwa 12 kwa 4 wangeipita San Francisco iliyokuwa na 11, sare 1 na vipigo 4, wangeshika nafasi ya pili, na wakati ule wa pili naye alikuwa anapumzika wiki ya kwanza. Badala yake wakacheza wiki ya ziada, kisha wakasafiri hadi San Francisco, Colin Kaepernick akawakimbilia yadi 181 peke yake, 45 kwa 31. Hili siwezi kumpinga. Lakini ona anavyojieleza: hasemi refa alitufunga, anasema refa alitushusha ngazi. Uzito wa kosa umetoka kwenye ngazi. Mechi ya Septemba haikumtoa mtu yeyote mashindanoni. Nafasi ya tatu badala ya pili ndiyo iliyomsafirisha.

Halafu yuko mzee mmoja wa Bukavu, anaishi Grand Rapids, Michigan, ambako Wakongomani wamejaa tele, naye ni mtu wa Lions. Huyu ukimtajia Dallas anaanza kuongea Kiswahili cha kwao: "Balituibia, mdogo wangu, balituibia mchana kweupe." Kesi yake ni ya Desemba 30, 2023, dhidi ya Dallas Cowboys. Lions wamefunga sekunde za mwisho, Dallas 20, wao 19, kocha Dan Campbell anakataa pointi moja ya sare na kwenda kutafuta mbili za ushindi. Wachezaji wakubwa wa mstari wa mbele hawaruhusiwi kudaka mpira mpaka wajiripoti kwa refa. Taylor Decker, namba 68, akamwendea refa Brad Allen. Wakati huohuo Dan Skipper, namba 70, akawa anakimbilia pale pale. Refa akamtangaza 70. Mpira ukarushwa kwa Decker, akaudaka, Detroit ikashangilia, kitambaa kikatua: aliyedaka hakuripoti. Kwa maoni yangu Lions walijichanganya makusudi ili kumchanganya mpinzani na wakamchanganya refa, lakini hilo silisemi mbele ya mzee. Ninalomkumbusha ni kwamba baada ya pale walipata nafasi nyingine mbili, moja ikiwa zawadi ya kosa la Dallas, na zote hazikuingia.

Mzee anapandisha hesabu yake hadi juu: wangeshinda siku ile wangekuwa 13 kwa 4, San Francisco waliishia 12 kwa 5, kwa hiyo fainali ya NFC ingechezwa Detroit, na Lions waliokuwa wakiongoza 24 kwa 7 kule California wasingepinduliwa 34 kwa 31. Namjibu kwamba San Francisco walilegeza siku ya mwisho kwa sababu nafasi ya kwanza walikuwa nayo tayari. Wangekuwa bado wanaitafuta wasingelegeza. Hatujawahi kumaliza. Naona raha sana ubishi huu.

Sisi wa Minnesota hatuna mikono safi. Januari 20, 2019, fainali ya NFC, New Orleans Saints na Rams wako 20 kwa 20, imebaki chini ya dakika mbili. Nickell Robey-Coleman wa Rams akamvamia Tommylee Lewis kabla mpira haujamfikia. Refa wa karibu akatazama tu. Rams wakashinda 26 kwa 23 muda wa nyongeza wakaenda fainali kuu. NFL ilikiri kwa kocha wa Saints, Sean Payton, kwamba ilipaswa kuwa kosa, ikamtoza mchezaji faini ya zaidi ya dola 26,000 kwa kugonga kwa helmeti, na ghadhabu ya New Orleans ikafika mahakamani. Machi ile wamiliki wakapitisha kanuni mpya: kuanzia sasa kosa la kumzuia mdakaji linaweza kukaguliwa kwa video. Ikadumu msimu mmoja. Na msimu huohuo, Januari 2020, Saints haohao wakacheza mtoano na Vikings, muda wa nyongeza, Kyle Rudolph wetu akanyoosha mkono, beki akarudi nyuma, Rudolph akadaka, 26 kwa 20. Wakaguzi wa NFL kule New York wakaitazama video wakasema hakuna kitu. Kanuni iliyozaliwa kwa machozi ya New Orleans iliwatazama New Orleans usoni ikapita. Minnesota siku ile hakuna aliyemtaja refa. Wote tulikuwa na shughuli nyingine.

Lakini kama nataka kesi moja ya kuonyesha refa na divisheni kwenye meza moja, narudi 2008. Septemba 14, Denver, Chargers wanaongoza 38 kwa 31, Broncos, wenyeji, wamebakiza yadi 1 wafunge. Kwotabeki Jay Cutler akarudisha mkono kurusha, mpira ukamponyoka ukaanguka nyuma yake, mchezaji wa Chargers akaulalia. Mechi imekwisha. Ila refa Ed Hochuli alikwisha puliza kipyenga akidhani ni mpira uliorushwa ukakosa mtu. Video ikaonyesha wazi kwamba uliponyoka, na Hochuli mwenyewe akakubali, lakini kwa kanuni za wakati ule kipyenga kikishalia mpira umekufa. Broncos wakabaki nao. Wakafunga, wakaongeza pointi 2, wakashinda 39 kwa 38. Hochuli, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa uwakili, aliandikiwa na mashabiki wengi mno, na akawajibu baadhi yao akikiri kosa. Mwaka uliofuata kanuni ikabadilishwa.

Mwisho wa msimu Chargers na Broncos wakamaliza sawa, 8 kwa 8. Chargers wakawafunga 52 kwa 21 siku ya mwisho na kuchukua AFC West kwa vigezo. Kwa hiyo kipyenga mashuhuri kuliko vyote mwaka ule hakikubadilisha bingwa. Nani basi aliumia 2008? New England Patriots. Walipoteza Tom Brady mechi ya kwanza kabisa, wakajikokota na kwotabeki wa akiba hadi ushindi 11, vipigo 5, na wakabaki nje ya mtoano kabisa, kwa sababu Miami kwenye divisheni yao nao walikuwa 11 kwa 5 na vigezo vikaibeba Miami. Chargers wa 8 kwa 8 wakacheza nyumbani na Colts wa 12 kwa 4, wakawafunga. Hakuna anayemkumbuka mtu aliyewaonea Patriots, kwa kuwa hakuwa mtu.

Nadhani ndiyo sababu tunamshambulia refa. Ana uso, ana jina, anasimama katikati ya uwanja na kofia nyeupe akitangaza adhabu kwa kipaza sauti. Marefa saba wanawatazama wachezaji 22 wanaogongana kwa sekunde chache, na wengi wao siku nyingine wana ajira zao. Kila uamuzi wao hupewa alama, na alama ndizo zinazoamua nani atachezesha mtoano. Tangu 2025 hata ile minyororo ya kupimia yadi imewekwa kando, kamera ndizo zinazopima. Mpira wenyewe bado unawekwa chini na mtu aliyeona kwa macho yake, kwa hiyo kamera zinapima kwa usahihi mkubwa kutoka mahali palipokadiriwa.

Turudi kwa ubishi wa pili, wa divisheni ipi ina nguvu. Hapa mzee wa Bukavu na mimi huwa upande mmoja, maana wote ni wa NFC North, na 2024 divisheni yetu ilikusanya ushindi 45: Lions 15, Vikings 14, Packers 11, Bears 5. Mzee anaitaja 45 kama mtu anayetaja mahari. Shemeji, ingawa timu yake imo humohumo, hupenda kutuharibia. Na nikiiweka karatasi mbele, ana hoja.

Kwanza, kila divisheni inacheza mechi 12 za ndani kwa ndani, na mechi hizo lazima zitoe ushindi 12 na vipigo 12, timu ziwe simba au paka. Toa hizo: nje ya divisheni tulishinda 33 na kupoteza 11. Bado ni nzuri mno. Lakini ratiba ya NFL inazungushwa. Kila mwaka divisheni nzima hupangiwa divisheni nyingine mbili nzima. Mwaka ule tulipangiwa AFC South, ambako Jacksonville walimaliza na ushindi 4 na Tennessee 3. Dhidi ya AFC South tulishinda 14 na kupoteza 2, na hivyo viwili vilikuwa vya Bears. Dhidi ya NFC West tulishinda 12 na kupoteza 4. Zinabaki mechi 12 za mchanganyiko, dhidi ya timu za kila upande, na huko tulikuwa 7 kwa 5. Si mbaya, ila si simba wa kutisha. Packers ndio mfano mzuri: nje walishinda kumi, ndani ya divisheni walishinda moja na kupoteza tano. Ukitaka kusema North ilikuwa ngumu, taja Packers. Ukitaka kusema North ililishwa vibonde, taja Packers vilevile.

Kisha mtoano ukaja. Packers wakapoteza kwa Eagles 22 kwa 10, Vikings kwa Rams, na Lions, waliopumzika wiki nzima, wakafungwa nyumbani 45 kwa 31 na Washington. Timu tatu, mechi tatu, ushindi sufuri. Mzee alizima simu siku mbili.

Kwa hiyo sitetei nafasi bora kwa Vikings kwa hoja kwamba walitoka kwenye divisheni ngumu. Hoja hiyo inavuja. Natetea kwa hoja nyepesi zaidi: mechi 14 ni nyingi kuliko 10. Bingwa wa divisheni aingie mtoano, hilo sawa. Bila hilo Septemba hadi Desemba watu wangetazama nini? Lakini kuingia ni jambo moja na kuwa mwenyeji ni jingine. Hadi msimu wa 2024, timu nne zilikuwa zimechukua divisheni katika msimu kamili zikiwa na vipigo vingi kuliko ushindi: Seattle 2010, Carolina 2014, Washington 2020 na Tampa Bay 2022. Zote nne zilicheza nyumbani, na zote nne wageni walikuwa na ushindi 11 au zaidi. Mbili zilishinda. Carolina ilikutana na Arizona iliyoishiwa makwotabeki, hiyo tuiache. Seattle ndiyo inayouma: 7 kwa 9, dhidi ya Saints mabingwa watetezi, Marshawn Lynch akakimbia yadi 67 akiwapangusa watu mmoja baada ya mwingine, na uwanja ukatetemeka hadi mashine za kupima tetemeko la ardhi zikaandika. Saints hao hao tena. Sijui wana nini. Shemeji huitoa mbio ile kila tunapojadili jambo hili: "Mfumo wako ungetunyima hii." Kweli ungetunyima. Lynch angekimbilia New Orleans na watu wangezomea.

Wa kwanza kupendekeza mabadiliko baada ya msimu ule hawakuwa Vikings. Walikuwa Lions, waliokuwa wa kwanza na wasio na cha kudai. Pendekezo lao lilisema mabingwa wa divisheni wabaki na tiketi zao, ila mpangilio wa nafasi ufuate rekodi. Kwa 2024 ingemaanisha Vikings wa pili au wa tatu, nyumbani, na mgeni angekuwa Tampa Bay au, ndiyo, Rams walewale. Kanuni ya NFL haipiti mpaka wamiliki 24 kati ya 32 wakubali. Lions walilileta mezani Machi 2025, likaahirishwa, na Mei wakaliondoa wenyewe bila kura kupigwa.

Nilimpigia mzee wa Grand Rapids kumpa pole kwa niaba ya timu yake. Akaniambia hana habari na kura ya wamiliki, anachotaka kujua ni kama Brad Allen amepangiwa mechi ya Lions msimu ujao.